Umevuka miaka 50 na bado unakimbia? Jifunze kwanza kwenda polepole

Desemba moja aliingia kliniki kwangu mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, anachechemea mguu wa kushoto, na nyuma yake mkewe kashika bahasha ya picha za eksirei. Shikamoo niliitoa mimi, maana kanizidi miaka saba. Kabla sijauliza tatizo, mkewe akawahi: "Daktari, mwambie aache hizi mbio. Mimi kanishinda."

Mwalimu hakujibu. Alikuwa amejiandikisha kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mwishoni mwa Februari, na ada alishalipa.

Ningeweza kumwambia aache, na mama angeondoka ameridhika. Lakini faili lake lilikuwa mezani. Miaka minne nyuma mwalimu huyu alikuja na presha ya 168/102 na uzito wa kilo 91. Baba yake alifariki kwa kiharusi akiwa na umri kama huo wake. Akaanza kutembea, kisha akaanza kukimbia, na siku ile presha ilikuwa 132/80 kwa kidonge kimoja tu, uzito kilo 77. Kumkataza mtu wa namna hiyo asikimbie ni kumnyang'anya dawa inayomfaa.

Eksirei haikuonyesha kitu. Lakini nilipobonyeza kwa kidole sehemu moja ya ugoko, kama kiganja kimoja juu ya kifundo, aliruka pale kitandani. Maumivu hayo, alisema, yalikuwa yanamwamsha usiku. Msomaji, ukisikia maumivu ya mfupa yaliyokaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi unapokimbia na hatimaye kukufuata mpaka kitandani, usiyachukulie kama uchovu wa kawaida. Huo unaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa, unaotokana na mfupa kupigwapigwa bila kupewa nafasi ya kujijenga. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haiuoni. Kwa mwalimu, kipimo cha MRI ndicho kilichouonyesha.

Nikamwomba anisimulie wiki yake ya mazoezi. Jumatatu mpaka Jumamosi, saa 11 alfajiri, kilomita 8 kwa dakika 50. Jumapili anakwenda na klabu ya jogingi ya mtaani kwao, kilomita 14 hadi 16. Hakuna siku ya kupumzika.

"Hizo kilomita 8 unazikimbia kwa nguvu au taratibu?" nilimuuliza.

"Kawaida tu, daktari. Nikimaliza nakuwa nimechoka vizuri."

Nilichukua kikokotoo. Dakika 50 kwa kilomita 8 ni kama dakika 6 na robo kwa kila kilomita. Mbio zake bora za kilomita 10, aliniambia kwa fahari, alimaliza kwa dakika 58, yaani kama dakika 5 na sekunde 48 kwa kilomita. Kwa maneno mengine, mwalimu alikuwa anakaribia kushindana kila alfajiri, siku sita kwa wiki, peke yake, gizani, na ya saba anashindana na vijana.

Huko "kuchoka vizuri" ndiko kunakowaleta kliniki wakimbiaji wengi wenye umri wetu. Hawakimbii kwa nguvu za kutosha kuuongezea moyo uwezo, wala hawakimbii taratibu za kutosha kuupa mwili nafasi ya kupona. Wanakaa katikati, mwendo uleule, kila siku. Ukiwa na miaka 28 mwili unakuvumilia. Ukifika 58 unakuletea bili.

<b>Kwa nini umri unabadilisha hesabu</b>

Mazoezi yenyewe hayajengi mwili. Yanaubomoa kidogo, na ujenzi unafanyika baadaye, ukiwa umelala, umekula, umetulia. Kijana akikimbia kwa nguvu leo, kesho au keshokutwa yuko tayari tena. Baada ya miaka 50, wengi wetu tunahitaji saa 48 hadi 72 kabla ya kurudia kazi nzito ya aina ileile. Misuli ya mtu mzima haiitikii protini haraka kama ya kijana. Kano, hasa ile nene inayoshika kisigino, hupata damu kidogo na huwa ngumu zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Kwa akina mama, baada ya hedhi kukoma mifupa hupoteza uimara kwa kasi, na ufa kama ule wa mwalimu huwapata kirahisi zaidi.

Halafu kuna usingizi, jambo ambalo watu hawalitaji kliniki mpaka uwaulize. Mwanaume wa miaka 60 ambaye tezi dume inamwamsha mara nne usiku kwenda kukojoa hajalala saa saba, hata kama kitandani alikaa saa nane. Mtu huyo akiamka saa 10:30 kuwahi kukimbia anakwenda kubomoa nyumba ambayo fundi hajaigusa. Kama ni wewe, njoo utibiwe hiyo tezi kwanza. Mbio zako zitanufaika kuliko viatu vipya.

Sasa usije ukahitimisha kwamba mzee akimbie taratibu siku zote. Hilo nalo ni kosa. Uwezo wa mwili kutumia hewa ya oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 kwa mtu asiyefanya mazoezi, na upungufu huo hukaribia kuwa nusu yake kwa anayeendelea na mazoezi yenye makali ndani yake. Nyuzi za misuli zinazotupa kasi ndizo za kwanza kusinyaa tunapozeeka, na ndizo hizohizo zinazokuzuia usianguke unapojikwaa ngazini. Nazo hazikai hai kwa kutembeatembea.

Kwa hiyo mkimbiaji mtu mzima anabanwa pande mbili. Anahitaji makali kuliko kijana, kwa sababu asipoyatumia anayapoteza, na anahitaji mapumziko kuliko kijana, kwa sababu anapona polepole. Njia niijuayo ya kutoka hapo ni kuyatenganisha: siku ngumu ibaki ngumu kweli, siku nyepesi ibaki nyepesi kweli, na zisichanganywe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1962 kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, Bill Bowerman, yule ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Nike, alikwenda New Zealand kumtembelea kocha mwenzake Arthur Lydiard. Lydiard akamkaribisha kukimbia na kikundi cha watu wa kawaida, wakiwamo wazee na wagonjwa wa moyo. Bowerman alikuwa na miaka 51 na alijiona yuko fiti. Kilima cha kwanza tu kikamshinda. Aliyerudi nyuma kumsindikiza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, na mzee huyo alikuwa anapiga soga njia nzima wakati kocha hana pumzi ya kumjibu. Bowerman alirudi kwao, akaanzisha mazoezi ya jogingi kwa watu wazima, na akaandika kitabu kuhusu jogingi akishirikiana na daktari wa moyo. Kwa wanariadha wake pia alishika kanuni ya siku ngumu kufuatiwa na siku nyepesi, na akawa mkali kwa anayejiongezea mbio siku ya mapumziko.

Hata mabingwa wanafanya hivyo. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, ambayo ni chini ya dakika 3 kwa kila kilomita. Lakini kambini Kaptagat wiki yake imezoeleka kuwa na siku tatu tu za kazi nzito, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na wageni wanaokwenda kuwaona wanariadha wa Iten na Kaptagat hushangaa siku nyepesi zinavyoanza kwa mwendo ambao wao wenyewe wangeumudu. Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu aliona mpangilio unaojirudia: karibu asilimia 80 ya vipindi ni vyepesi, vilivyobaki ndivyo vyenye makali.

Sasa jiulize. Kama anayelipwa kukimbia, mwenye daktari wake na muda wa kulala mchana, anatumia siku nyingi kwenda taratibu, mimi na wewe tunaotoka kukimbia kisha tunapanda daladala kwenda kazini tunaharakia nini?

<b>Taratibu ni taratibu kiasi gani?</b>

Hapa ndipo wagonjwa wangu wananibishia. Kila mtu anaamini anakwenda taratibu.

Wengi wenu mlisoma shule zenye mchakamchaka. Mnakumbuka: mwanafunzi mmoja anaanzisha wimbo, kundi zima linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Ule ndio mwendo. Siku nyepesi unatakiwa uweze kuitikia mchakamchaka bila kuruka zamu. Ukiwa na mwenzako, uweze kumsimulia ugomvi wa kikao cha harusi kwa sentensi nzima, na si kwa neno moja moja ukitafuta hewa katikati. Ukiwa peke yako, hesabu kwa sauti kutoka 1 hadi 15 kwa pumzi moja. Ukishindwa, punguza mwendo. Ukifika mlimani na pumzi ikabana, tembea. Kutembea mlimani siku nyepesi ndiyo kufuata maelekezo yenyewe.

Mwalimu nilimwambia mwendo wake mwepesi uwe kati ya dakika 7 na dakika 7 na nusu kwa kilomita, na siku ya joto hata 8. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa arudi darasa la tatu. "Watanipita hata akina mama wanaokwenda sokoni," alisema. Nikamwambia awasalimie.

Wapo wanaopenda kutumia saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo. Si vibaya, lakini zina mitego miwili. Kwanza, ile hesabu maarufu ya 220 kutoa umri ni makadirio tu. Kwa mtu wa miaka 60 inatoa mapigo 160 kwa dakika kama kilele, lakini watu wawili wa umri huo wanaweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi na wote wakawa wazima. Pili, na hili ni muhimu kwa wenye presha: ukiwa unatumia atenololi, bisoprololi, propranololi au ndugu zao, dawa hizo hushusha mapigo ya moyo. Saa itakuambia uko kwenye mwendo mwepesi wakati mwili unateseka. Mtu wa dawa hizi aamini pumzi yake na maongezi yake, saa aiachie kazi ya kuonyesha saa. Na tafadhali usiache kidonge ili mapigo yapande.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na pwani yote, kumbuka joto na unyevu. Mwendo uliokuwa mwepesi Julai unaweza kuwa mgumu Januari, kwa sababu moyo unafanya kazi mbili: kusukuma damu kwenye misuli na kuipeleka kwenye ngozi ipoe. Usiumie ukiona muda umeongezeka. Jipime kwa pumzi, sio kwa muda wa jana.

<b>Siku ngumu</b>

Kwa mtu aliyevuka 50, siku moja ngumu kwa wiki inatosha. Aliyezoea miaka mingi anaweza kuwa na mbili, zikitenganishwa na siku mbili au tatu za wepesi. Na siku hiyo isiwepo kabisa mpaka umekimbia kwa wepesi miezi miwili au mitatu bila maumivu.

Siku yenyewe haihitaji uwanja. Anza kwa dakika 15 za kukimbia taratibu mpaka jasho litoke, maana misuli ya vigimbi ya mtu mzima ikishtukizwa ikiwa baridi huchanika. Kisha kimbia dakika 2 kwa nguvu kiasi kwamba unaweza kusema maneno matatu tu, halafu tembea au jongea taratibu dakika 2. Rudia mara nne wiki za kwanza, baadaye mara sita. Malizia na dakika 10 za taratibu. Mzunguko wa mwisho uwe na kasi ileile ya wa kwanza. Ukiona umeporomoka, uliwahi kutumia nguvu zote.

Mimi napenda wagonjwa wangu wafanye kazi hii wakipanda kilima. Kilima kinaufanya moyo ufanye kazi bila miguu kwenda kasi sana, kwa hiyo kano na misuli ya nyuma ya paja zinapona. Mkazi wa Dar anavyo vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani, au Pugu. Panda kwa nguvu, shuka kwa kutembea. Kushuka kwa kasi ndiko kunakoharibu misuli ya mbele ya paja, na anayejiandaa na Moshi alijue hilo mapema: ile njia ya kuelekea Mweka inawatisha watu kwa kupanda, lakini wanaoshindwa kukaa chooni siku ya pili wameumizwa na kushuka.

Ongeza siku mbili za kuimarisha misuli. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye hivyo angalau mara mbili kwa wiki, na waliovuka 65 waongeze mazoezi ya kuweka mizani ya mwili. Si lazima uende jimu. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara 10, rudia mara tatu. Simama kwenye ngazi kwa vidole, shusha visigino taratibu chini ya ukingo, pandisha tena. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki. Na kula. Mkimbiaji mtu mzima anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na haimo kwenye chai na maandazi mawili. Imo kwenye maharage, dagaa, mayai, maziwa, samaki, kunde na choroko. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kabla ya kuongeza.

<b>Jumapili na klabu</b>

Klabu za jogingi ni jambo jema sana. Zimewatoa watu kwenye makochi, zimewapa marafiki, zinachangishana mtu akifiwa. Lakini nikiangalia wagonjwa wangu wa magoti na visigino, wengi waliumia Jumapili. Mbio ndefu ya wiki inatakiwa iwe nyepesi kuliko zote, kwa kuwa ugumu wake ni urefu wenyewe. Klabuni inaanza na nyimbo, kilomita 3 za mwanzo wote wako pamoja, kisha vijana wawili wanachomoka na baba wa miaka 57 hataki kuonekana kabaki nyuma mbele ya watu anaofanya nao kazi. Kufika mwisho kafanya mashindano ambayo hayakuwa na medali.

Viongozi wa klabu, tengenezeni kundi la nyuma lenye kiongozi wake anayeheshimika. Nanyi vijana mnaowaandikisha wazazi wenu mashindano kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, muwaandikishe mapema, miezi mitano au sita kabla, na si wiki tatu.

Tena hakuna sheria inayosema mzunguko wa mazoezi lazima uishe kwa siku 7. Aliyevuka 60 anaweza kuwa na siku moja ngumu na mbio moja ndefu ndani ya siku 9 au 10, zilizobaki zikawa nyepesi au za mapumziko kabisa. Mkanada Ed Whitlock, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:54:48 mwaka 2004 akiwa na miaka 73, alifanya mazoezi mengi kwa kuzunguka taratibu ndani ya makaburi yaliyo jirani na nyumbani kwake, saa nyingi, bila haraka. Makali aliyapata kwenye mashindano aliyoshiriki. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alimaliza marathoni ya Toronto chini ya saa 4. Sikushauri uige saa zake. Magoti yalimsumbua naye, na alipoumia alisimama kwa miezi.

<b>Lini usimame</b>

Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, shika mapigo yako kwenye kifundo cha mkono na uyahesabu kwa dakika moja. Ukishajua kawaida yako, siku yatakapokuwa yamepanda kwa mapigo 7 hadi 10, siku hiyo haiwi ngumu hata kama ratiba imeandika hivyo. Huenda hukulala, huenda homa inakuja. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Baada ya malaria au mafua makali, rudi kwa wiki nzima ya mwendo mwepesi kabla ya kugusa siku ngumu, kwani baadhi ya virusi hushambulia hata misuli ya moyo.

Maumivu ya kubana au uzito kifuani, yanayopanda shingoni, kwenye taya au mkono. Kukosa pumzi kusikolingana na mwendo. Kizunguzungu au kuzimia wakati wa kukimbia. Moyo kwenda mbio ovyo na kukata: hapo simama, kaa chini, tafuta usafiri wa kwenda hospitali saa hiyohiyo. Usimalize kwanza mzunguko. Usiendeshe gari mwenyewe. Kwa waliovuka miaka 35, vifo vingi vya ghafla mazoezini vinatokana na kuziba kwa mishipa ya damu ya moyo, na wengi walikuwa na dalili siku au wiki kabla wakaziita gesi. Kama una presha, kisukari, unavuta sigara, au kuna aliyepata mshtuko wa moyo mapema katika familia, pima moyo kabla ya kuanza siku ngumu. Mwendo wa mchakamchaka unaweza kuendelea nao wakati unasubiri, iwapo huna dalili.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, mbio ndefu inaweza kushusha sukari njiani, na pia saa nyingi baadaye usiku. Beba glukosi au tende mfukoni, na usikimbie peke yako.

Na dawa za maumivu. Najua mnazimeza kabla ya mbio. Nawaona pale kwenye mstari wa kuanzia. Diklofenaki na ibuprofeni, ukiongeza kupungukiwa maji, ukiongeza baadhi ya dawa za presha kama losartani na zile za kukojosha, ni mzigo mkubwa kwa figo. Isitoshe, zinanyamazisha king'ora. Mwalimu alikiri alimeza vidonge vya namna hiyo kwa wiki tatu kabla ya kuja kwangu, alivyopewa duka la dawa bila kuulizwa anatumia nini kingine. Kama asingevimeza, huenda angesimama mapema na ule ufa usingefika ulipofika.

Mwalimu alikaa wiki nane bila kukimbia. Tulimpa baiskeli ya kukalia na mazoezi ya majini ili presha isirudi juu, na haikurudi. Februari ile hakwenda Moshi. Alinuna, mkewe akanipigia simu kunishukuru, na mimi nikamwambia asifurahi mapema, maana tulikuwa tumekubaliana atarudi barabarani.

Alirudi Machi kwa kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 2. Wiki yake ya sasa iko hivi: Jumatatu hakimbii. Jumanne dakika 40 za wepesi. Jumatano mazoezi ya kiti na ngazi. Alhamisi kilima, mara sita. Ijumaa anapumzika, na tangu tuanze mpango huu ndiyo siku anayoilalamikia zaidi. Jumamosi nusu saa ya wepesi na mazoezi ya ngazi tena. Jumapili anakwenda na klabu, kundi la nyuma, na sasa yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Kilomita zake zimepungua kutoka 63 hadi kama 35 kwa wiki.

Mwaka uliofuata alikwenda Moshi, akatembea vipande viwili vya mlima wa Mweka kama tulivyopanga, akamaliza kwa saa 2 na dakika 16. Mkewe alikwenda naye. Kliniki ya mwezi uliopita presha ilikuwa 128/78, na mama ndiye aliyeuliza kama zile kilomita 5 za Moshi mtu anaruhusiwa kuzitembea zote. Nikamwambia anaruhusiwa, ila kwanza apande kwenye mashine ya kupimia presha, kwa kuwa miaka yote hiyo ya kumsindikiza mumewe yeye hatukuwahi kumpima. Ilikuwa 154/96. Ana miadi Jumatatu.